Siku Niliyoanza Kubandika Bodi Mlangoni

Kuna wazee wawili wa Sharpstown, kule Houston, walioifahamu sehemu yangu ya kukalia kabla hawajaiona sura yangu, na mpaka leo tukikutana kwenye msiba au harusi lazima mmoja wao anitazame kwa chini, kisha ageukie ukutani kucheka. Nimeshazoea. Aibu ikishakuwa ya watu wengi haifichiki, bora uisimulie mwenyewe, angalau wewe utaisimulia kwa mpangilio.

Siku za wiki nafanya kazi ghalani hapa Grand Prairie, Jumamosi nabandika vigae. Mwaka huo wa 2018 nilikuwa namchumbia Neema, na baba yake Neema alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la mama yake, mama mtaratibu, muuguzi, asiyesema sana. Kila Neema alipomuuliza kuhusu mimi alijibu hivyohivyo tu: "Mlete nimwone." Nikapelekwa, akaniona, akasema, "Nitamwona tena." Mjue basi kwamba nilikuwa mtu wa kuangaliwa.

Nafasi ya kuonekana vizuri ililetwa na Bibi. Bibi, mama yake Mama Neema, aliletwa kutoka Singida akiambiwa Texas ni joto tupu, na kweli alilikuta, lakini Novemba upepo wa kaskazini ulipoanza, zege la chini ya chumba chake likawa baridi kama jokofu. Alivaa soksi juu ya soksi na bado miguu ikafa ganzi. Mimi nikajitolea (hakuna aliyeniomba) kumtengenezea sakafu ya joto, ile ya kutandika bodi juu ya zege, kulaza bomba la maji ya moto ndani ya mifereji ya bodi, kisha kubandika vigae juu yake. Nilikuwa nimeshaitengeneza kwa watu wengine, naijua. Mama Neema aliposikia alisema, "Haya, tutaona," na mimi moyoni nikasema, safari hii utaona kweli, mama.

Zege nililiandaa wiki nzima nikitoka ghalani. Niling'oa kapeti, nikakwangua gundi ya zamani mpaka vidole vikafa, nikapitisha rula ndefu ya alumini kutafuta mabonde, nikayajaza, nikafyonza vumbi, nikapaka dawa ya kushikisha. Yote haya yalikwenda vizuri, nayataja ili mjue sikuwa mbabaishaji. Ikabaki kubandika bodi tu, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo wa kwanza: nibandike Jumamosi asubuhi, siku ileile ambayo mjomba wangu Mathayo alikuwa anakuja kutoka Houston na wazee wawili kubisha hodi kwa Mama Neema kwa niaba yangu. Wangefika jioni. Nilipiga hesabu kwamba nitamaliza kabla ya chakula cha mchana, gundi ikauke usiku kucha, mimi niende kuoga, nivae suti, nirudi jioni nikae kimya pembeni kama mchumba anavyotakiwa kukaa. Neema alikwenda kusukwa nywele. Nyumbani tukabaki mimi, Bibi na Mama Neema.

Sasa sikilizeni ramani ya nyumba, maana mkasa wote umekaa hapo. Chumba cha Bibi kina mlango mmoja, na mlango huo unafungukia jikoni. Ukutani, mkabala na mlango, kuna dirisha moja la kupandisha juu, linatazama pale magari yanapoegeshwa. Basi. Hakuna njia nyingine.

Bibi alivuta kiti akakaa mlangoni, amejifunika blanketi, anataka kuelewa.

"Mume wangu," akaniita (Bibi alishatangaza kwamba mimi ni mume wake na Neema asubiri zamu yake), "hizo bodi mbona zina matuta kama shamba la viazi?"

"Ndiyo mifereji yenyewe Bibi. Humo tutalaza bomba jembamba, linapitisha maji ya moto. Zege peke yake linameza joto, hizi bodi zinalizuia lisishuke, lipande juu kwenye miguu yako."

"Na hiyo gundi inakauka saa ngapi?"

"Mpaka kesho. Leo hakuna kukanyaga, hata paka. Ukikanyaga, bodi inazama upande mmoja, chini panabaki tupu, halafu kigae kikishakaa juu ya utupu, siku mtu akisimama na kisigino, kinapasuka."

"Sasa wewe utapita wapi?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa siku hiyo. Nami nikalijibu vizuri, kwa sauti ya ualimu, nikijua fika kwamba Mama Neema yuko jikoni anasikia: "Fundi anaanza kona ya mbali Bibi, anarudi nyuma kidogokidogo, anamalizia mlangoni. Ukianzia mlangoni umejifungia mwenyewe."

Bibi akatikisa kichwa, akaridhika, akaenda kulala kidogo kwenye kochi sebuleni.

Kiti chake kilipoondoka mlangoni ndipo nikaona jiko lote. Na jikoni, kwenye meza, ameketi Mama Neema anachambua mchele, uso wake ukielekea chumbani moja kwa moja.

Nikalifikiria lile zoezi la kuanzia kona ya mbali. Fundi wa sakafu hafanyi kazi akiwa amesimama jamani. Anapiga magoti, anainama mpaka kifua kinakaribia chini, anapaka gundi kwa mwiko wenye meno, anarudi nyuma. Anaporudi nyuma kuelekea mlangoni, ni nini kinachotangulia? Mimi nimelelewa na shangazi zangu huko Sumbawanga, na walionilea walinifundisha kwamba mama mkwe hutazamani naye sana, humwagizi kitu, na kumgeuzia mgongo ni vibaya hata ukiwa umesimama wima na koti. Kumgeuzia kile nilichokuwa nakaribia kumgeuzia, tena kwa saa nzima, kikimsogelea taratibu, hilo shangazi hawakulitaja, nadhani kwa sababu hawakufikiri kuna mtu atakayelihitaji.

Ningeweza kumwambia, "Mama, samahani, naomba uhamie sebuleni." Maneno machache tu. Lakini nani anamhamisha mkwe jikoni kwake? Ningeweza kufunga mlango. Lakini kumfungia mkwe mlango usoni, naye hajakukubali bado? Nikaona hapana. Nikafanya uamuzi mdogo wa pili: nikapaka gundi ya kwanza pale pale mlangoni, nikabandika bodi ya kwanza, uso wangu ukielekea jikoni kwa adabu, na nyuma yangu ikielekea dirishani ambako hakuna mtu.

Kazi ilikwenda vizuri ajabu, ndiyo maana sikushtuka mapema. Bodi zilikaa, nilipishanisha maungio kama matofali, niliacha nafasi pembeni mwa kuta, pima maji ilitulia katikati kama imechorwa. Mtu akikolea kazi anasahau. Nilibandika nikirudi nyuma, nabandika narudi nyuma, mpaka kisigino kikagonga ukuta, nikageuka nikaona niko chini ya dirisha, nimebakiwa na kipande cha zege kinachotosha mtu mmoja aliyechuchumaa, na mbele yangu chumba kizima cha bodi mbichi, nzuri, zimelala zinang'aa.

Nikajisemea, tulia. Kuna namna ya kuvuka: unalaza ubao mpana juu ya bodi, unagawa uzito, unatambaa. Ubao wangu ulikuwa gereji. Simu ya kumwita Neema ilikuwa jikoni, inachajiwa. Bibi anakoroma sebuleni, nasikia. Aliyebaki macho ni Mama Neema, na mimi sikuweza kufungua kinywa nimwambie mkwe akanibebee ubao.

Yeye ndiye akafungua kinywa. "Baba," akaita kutoka jikoni, kwa upole, "karibu chakula."

Huyu mama alikuwa hajawahi kunikaribisha chakula kwa mdomo wake mwenyewe, siku zote alimtuma Neema.

"Ahsante mama, nakuja!"

Sikuja. Nikasikia sahani inawekwa mezani, pilau linanukia mpaka kwenye kona yangu. Baada ya muda: "Baba, kinapoa."

"Nakuja mama, namalizia!"

Nilikuwa namalizia nini? Nimekaa, nimekumbatia magoti. Mara ya tatu hakuita. Nikasikia sahani inafunikwa, polepole, kifuniko kinakaa juu yake bila kugonga, na niwaambie, ule utulivu uliniumiza kuliko kama angeipigiza. Nikajua anachofikiria: kijana huyu anadharau chakula changu. Na jioni ndiyo wazee wanakuja.

Nikalitazama dirisha. Nilikuwa nimeliogopa muda wote huo kwa sababu mbili. Moja, mtu mweusi anayetoka dirishani kwenye mtaa wa watu hapa Texas, mchana kweupe, hajui ataonwa na nani. Mbili, lile dirisha ni la zamani, springi zake zimechoka, Neema alishaniambia linahitaji kuegemezwa kijiti. Lakini nikafikiri, natoka haraka, nazunguka, naingia mlango wa mbele, nanawa, nakula pilau lote, nasifia. Nikalipandisha dirisha, nikaliegemeza kwa mpini wa mwiko wangu, na ili nisiangukie kichwa nikatanguliza miguu: nikalala kifudifudi juu ya kizingiti, miguu nje, kichwa ndani, nikaanza kujisukuma nyuma.

Kiuno kilipofika kwenye kizingiti, goti likagonga ukuta nje, mwili ukatikisika, mwiko ukachomoka, dirisha likashuka.

Halikuniumiza. Lilinikalia tu mgongoni, sawasawa, kama mkono wa polisi. Juu ya mgongo dirisha, chini ya tumbo kizingiti, miguu nje haifiki chini, mikono ndani haina pa kushika isipokuwa bodi zangu, nami sikutaka kuzigusa. Ndani ulibaki uso wangu, ukitazama mlangoni. Nje ilibaki sehemu nyingine yote.

Na hapo, kwa mara ya kwanza katika historia ya watu wetu, wageni wakawahi kufika.

Nikasikia gari linaegeshwa nyuma yangu, milango inafunguka, na sauti ya Mjomba Mathayo inasema, "Nendeni taratibu, mimi natangulia kubisha hodi." Mjomba alipita upande wa mlango wa mbele hakuniona. Wazee wawili wakabaki kunyoosha miguu baada ya safari. Kisha sauti moja, ya chini:

"Mzee mwenzangu. Ile ni nini pale dirishani?"

"Ni mtu."

"Anaingia au anatoka?"

"Sasa huwezi kujua. Kichwa hakionekani."

"Mwizi!"

"Mwizi wa mchana na viatu vya kazi? Mkamate mguu kwanza, tutamuuliza."

Wakanikamata, kila mmoja na mguu wake. Nikapaza sauti, "Shikamooni wazee!" lakini kichwa changu kiko ndani, salamu ikaishia chumbani. Wao nje wakasikia mngurumo tu, wakakaza mikono.

Wakati huohuo jikoni nikasikia hodi, karibu, shikamoo, marahaba, na Mjomba akiuliza kwa bashasha zake zote, "Na huyu kijana wetu yuko wapi, nasikia anawatengenezea sakafu? Hebu nimwone!" Nikasikia hatua zake. Mjomba alivaa viatu vyake vya sherehe, vyenye kisigino kigumu, navijua. Mlango ulikuwa wazi. Akatokea, akaniona uso juu ya kizingiti cha dirisha upande wa pili wa chumba, nimelala kifudifudi hewani, akasema, "Mwanangu!" na kama mzazi yeyote anavyofanya akiona mtoto wake yuko taabuni, akanyanyua mguu kuja kuniokoa.

"MJOMBA USIKANYAGE!"

Ndiyo, nilimfokea mjomba wangu. Aliyesafiri kutoka Houston kunitafutia mke. Mbele ya mama wa mke mwenyewe. Mguu wake ulikuwa tayari uko hewani.

Na hapo ukatokea mkono na kitambaa cha jikoni, ukamzuia kifuani. Mama Neema. Akasimama mbele yake mlangoni, na yule mama asiyesema akasema, bila haraka, kama anamweleza mgonjwa dawa zake:

"Hapana kaka. Gundi haijakauka. Ukikanyaga, bodi inazama upande mmoja, chini panabaki tupu. Kigae kikikaa juu ya utupu, mtu akisimama na kisigino kinapasuka. Ni mpaka kesho."

Neno kwa neno. Yale niliyokuwa namwambia Bibi asubuhi, kumbe aliyekuwa anayasikiliza zaidi alikuwa jikoni na mchele wake.

Mguu wa Mjomba ukarudi chini, upande wa jikoni. Mama Neema akaniangalia. Na mimi nikamwangalia, sikuwa na pa kugeuzia uso, dirisha lilikuwa limeamua.

"Baba," akasema, "umekwama?"

"Ndiyo mama."

"Nje kuna mtu amekushika?"

"Wawili, mama. Nadhani ni wazee wetu."

Akafunika mdomo kwa kile kitambaa. Alipotoka nje kuwaambia wazee kwamba mwizi wao ndiye mchumba, nilisikia kicheko ambacho sikuwa najua kama nyumba ile inacho. Wakanyanyua dirisha, wakanivuta, nikashuka kwa kutanguliza kile nilichotumia asubuhi nzima kukificha, na nilipogeuka, nimejaa gundi magotini, shati liko kifuani, nikawakuta wote wamesimama kwenye mstari: wazee wawili, Mjomba, Mama Neema, na Bibi ameamka na blanketi lake, na jirani ng'ambo ya ua ameshika mpira wa maji, ambaye Mama Neema alimpungia mkono kwamba huyu ni wa kwetu. (Hilo "wa kwetu" nilielewa kwa ishara tu, lakini nililisikia.)

Bibi akalitazama dirisha. "Siku zetu," akasema, "posa ilipitia mlangoni."

Mazungumzo ya wazee yakafanyika mchana huohuo, palepale jikoni, suti yangu ikabaki nyumbani kwangu. Nilikaa pembeni na suruali ya kazi, na Mama Neema kabla hajasema lolote la maana aliuliza swali moja, na hakumuuliza Mjomba, aliniuliza mimi.

"Asubuhi ulimwambia mama yangu kwamba fundi anaanza kona ya mbali anamalizia mlangoni. Nilikusikia. Wewe mbona ulianzia mlangoni?"

Nikatazama magoti yangu. Hilo ndilo swali ambalo lingeamua mambo, maana jibu lilikuwa ama kazi siijui, ama kulitamka lile lisilotamkika mbele yake. Mjomba akatazama mlango wa chumba, akatazama meza ya jikoni na kiti chake, akatazama mimi. Naye amelelewa kwa adabu ileile niliyolelewa nayo.

"Dada," akasema, "wewe ulikuwa umekaa hapa?"

"Hapa."

"Basi usimuulize. Angemalizia mlangoni, angekuja kwako kinyumenyume."

Ilimchukua muda kidogo. Kisha akaelewa, nikaona amelielewa, akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutetemeka, na Bibi akapiga makofi. Alipoweza kusema akasema, "Danieli, ungeniambia tu. Ningehamia sebuleni." Halafu akafunua ile sahani, akapasha pilau, akaniwekea mwenyewe, na akawaambia wazee waendelee, yeye hana pingamizi, mtu aliyekubali kukwama dirishani kuliko kukanyaga sakafu ya mama yake na kuliko kumgeuzia yeye mgongo, amwone mara ngapi tena?

Kesho yake bodi zilikuwa zimeshika zote, nilizigonga moja moja, hakuna iliyolia utupu. Jumamosi iliyofuata nililaza bomba, nikapima kama halivuji, nikajaza mifereji, nikabandika vigae, nikianzia kona ya mbali. Nilipokuwa nakaribia mlangoni nikasikia kiti kinaburutwa jikoni. Nikachungulia kwa bega. Mama Neema alikuwa amekigeuza, anachambua mchele akiitazama friji.

Ukinialika kwako leo kubandika chochote, kabla sijafungua ndoo ya gundi nitakuuliza nani atakaa wapi, na kama ni mkwe wangu nitamwomba ahame kwa mdomo wangu huu, nimeapa. Bibi siku hizi anatembea pekupeku chumbani kwake, soksi alishazigawa. Na kila nikienda kumsalimia, nikibisha hodi, sauti ya Mama Neema inatoka jikoni: "Karibu baba, mlango uko wazi. Au ulitaka dirisha?"